Naombeni ushauri: watoto wangu na matangazo ya televisheni

Wakuu, habari zenu. Nina kijana wa miaka kumi na mdogo wake wa kike. Juzi kijana kagoma kuosha vyombo, hoja yake ni kwamba kwenye televisheni wanaoosha ni kina mama tu. Nilitaka kumkaripia, ila nikaanza kuyatazama matangazo kwa makini, na kusema kweli mtoto hakudanganya. Sabuni, nepi, dawa ya kusafishia choo: mama. Gari, benki, bima: baba. Hata tangazo lenye wanawake pekee, sauti ya mtaalamu anayeeleza jinsi madoa yanavyotoka ni ya mwanaume! Na baba akionekana jikoni, lazima aunguze kitu ili tucheke. Hilo ndilo linaniudhi zaidi, maana linamfundisha kijana kwamba kutojua kazi za nyumbani ni sifa.

Uingereza tangu Juni 2019 wanakataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Agosti mwaka huo wakazuia la gari, lililoonyesha wanaume kwenye mambo ya ujasiri huku mwanamke amekaa kando ya kigari cha mtoto. Sawa, lakini kanuni za huko hazinisaidii sebuleni kwangu.

Mke wangu anasema tuzime tu. Mimi naona watayakuta kwingine. Mliopitia haya, mnakaa nao mkayajadili, au yanageuka mahubiri wakawakimbia? Na huyu kijana nimwanzeje bila kumfanya aone vyombo ni adhabu?