Seli moja ya betri ya gari inashuka haraka: tatizo ni seli au kiungo?

Swali
Habari zenu ndugu. Nimeondoa injini ya petroli katika gari langu nikafunga mota ya umeme. Betri nimeiunda kwa seli 32 za LFP (lithiamu ya chuma na fosfati) za ampea-saa 280, zilizounganishwa kwa mfululizo, nazo zinanipa takriban volti 102. Gari likiwa limesimama, seli zote husoma volti 3.29 hadi 3.30, lakini nikipanda mlima na kuvuta ampea 200, seli ya 17 hushuka hadi 2.7 ilhali nyingine hubaki karibu na 3.1, kisha mfumo wa kusimamia betri hukata umeme. Je, ninunue seli nyingine?

Jibu la kwanza
Usinunue bado, ndugu yangu. Iwapo waya wa kupimia umefungwa kwenye bamba la shaba linalounganisha seli badala ya ncha ya seli yenyewe, mfumo wako unahesabu volti zinazopotea kwenye kiungo, yaani pale bamba linapogusana na ncha, kana kwamba ni udhaifu wa seli. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 2 tu hupoteza volti 0.4 kwenye ampea 200, tena hutoa wati 80 za joto mahali padogo kama kidole gumba, jambo ambalo mimi naliogopa kuliko seli iliyochoka. Washa chaja, kisha upime milivolti kati ya ncha na bamba, kiungo kimoja baada ya kingine.

Jibu la pili
Naunga mkono. Niongeze kwamba seli za LFP hukaa karibu na volti 3.3 zikiwa zimejaa nusu au robo tatu, kwa hiyo usomaji wa gari lililosimama hauthibitishi kwamba zimelingana. Kabla ya kufungua chochote, zima chaja, toa fyuzi kuu, vua pete na saa, na uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme. Cheche ya mkondo mnyoofu haizimiki kirahisi.

Muulizaji
Nashukuru sana. Chaja ikisukuma ampea 30, viungo vingine vilisoma milivolti 3, lakini ncha chanya ya seli ya 17 ilisoma 58. Nati ilikuwa imelegea na chini ya bamba palikuwa na doa jeusi. Nimepasugua kwa msasa hadi alumini ya ncha ikang'aa, nikakaza kwa kipimo cha mtengenezaji, na sasa inasoma 4. Kabla ya kurudi mlimani nitazikagua ncha 63 zilizobaki.