Msafiri hayuko likizo! Nimechoka kuambiwa "wewe si unakula raha"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mods msiuhamishe uzi huu kabla sijamaliza.

Huu ni mwezi wangu wa nane niko safarini na begi langu moja. Krismasi imenikuta huku, mara yangu ya kwanza kuila mbali na nyumbani. Nampigia mama, namwambia nimewakumbuka, kaka yangu anadakia huko nyuma: "Huyo naye analia nini, si yuko likizo mwaka mzima?" Wakaangua kicheko wote.

Likizo gani? Mwenye likizo mshahara unaingia na tarehe ya kurudi anaijua. Mimi wiki ile nilikuwa nafua soksi kwenye sinki na kuhesabu siku za viza kwa vidole. Halafu sikukuu si likizo, jamani. Likizo unaweza kwenda nayo peke yako popote. Sikukuu bila watu ni siku ya kukuta milango imefungwa, basi.

Na hizo siku za viza ndizo zilizoniponza. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unapewa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Niliingia tarehe 27 Septemba. Fungueni kalenda mhesabu wenyewe: siku ya 90 ni tarehe 25 Desemba. Mimi kichwani nilikuwa nimeweka "miezi mitatu", nikajua nina hadi 27, nikapanga kula sikukuu na wenzangu tuliokutana njiani. Nimekuja kushtuka zimebaki siku tano. Hilo ni kosa langu, nalimeza.

Ila huyu mwenye chumba simmezi. Mkesha wa Krismasi, saa nne usiku, ananiandikia kwamba ndugu zake wamekuja ghafla, hivyo amefuta nafasi yangu, na pesa itarudi "baada ya siku kadhaa za kazi". Siku za kazi zipi msimu ule? Yaani yeye ana ndugu, mimi nimedondoka kutoka mawinguni? Nikalala kwenye viti vya uwanja wa ndege, begi nimelikumbatia kama mtoto.

Asubuhi nikaruka hadi Tbilisi, Jojia. Natoka nje, watu wanakimbilia kazini kama kawaida! Kanisa lao linafuata kalenda ya zamani ya Julius, ambayo iko nyuma siku 13, kwa hiyo Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Nimeikimbia sikukuu nikafika ambako yenyewe haijafika. Kuna Mwislamu mmoja tulikuwa tunashea chumba miezi ya nyuma, nilipomsimulia alicheka sana: "Wewe tarehe yako angalau haihami." Idi yake kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, maana mwaka unaofuata mwandamo wa mwezi ni siku 354 hivi, na tiketi lazima akate kabla mwezi haujaandama. Huyo tulielewana.

Sasa hiyo simu ya video. Wote mnaijua. "Ongea na shangazi." "Umekonda!" "Ongea na mtoto", mtoto mwenyewe ananiangalia kama mkusanya madeni. Simu inapita mikono kumi, kila mmoja ananisalimia akiwa anatazama pembeni, mwisho wanailaza mezani kamera ikiangalia juu. Dakika 11 natazama dari, wakuu. Nawasikia wanacheka, wanabishana, mtu kamwaga kitu, anafokewa. Sikukata. Nilikuwa nasubiri labda mtu ataiokota.

Aliyeiokota ni kaka. "Eeh, bado upo? Umetuletea nini?"

Si "umeshinda na nani". Si "umelala wapi". Nimewaletea nini!

Nawajua mtakaokuja na "si urudi". Nilichagua kusafiri, sikuchagua kugeuzwa duka la zawadi. Nanyi wasafiri wenzangu mnaobandika picha za meno nje kila sikukuu, mnatuponza, kwa sababu nyumbani wakiziona wanajua sote tuko hivyo. Hata mimi nilibandika moja siku ileile, nikiwa ukumbi wa kuwasili, sijaoga.

Haya, anzeni matusi. Ila anayetaka kuniagiza viatu apite kimya.