Maonyesho ya mboga, keki na jamu kijijini Uingereza: majaji wanatazama nini?

Mkazi_Shropshire

Habari za humu wakuu. Kijiji tunachoishi huku Shropshire kina maonyesho ya maua, mboga na mapishi kila Septemba kwenye ukumbi wa kijiji. Jirani katuletea kijitabu cha mashindano na kutuhimiza tushiriki. Bustanini nina nyanya, vitunguu, viazi mviringo, yale maharage marefu ya kutambaa yanayoliwa na maganda yake, na mchicha. Mke wangu anataka kuingiza keki ya Victoria, jamu na chatne ya embe. Kamati nayo imetuomba tuuze sambusa siku hiyo na tuwasaidie kuuza tiketi za bahati nasibu.

Wenye uzoefu naomba mnifafanulie: jaji anatazama nini hasa? Kwa nini sahani nyingine zinawekewa kadi yenye herufi N.A.S. wakati mboga zenyewe ni nzuri tu? Na upande wa sambusa na bahati nasibu, kuna vibali vya kuomba?

Shamba_Dogo

Mkuu, tuanze na hiyo N.A.S. kwa sababu ndiyo inayowaumiza wageni. Ni kifupi cha Not According to Schedule. Jaji akiiandika anamaanisha sahani haikufuata kijitabu, basi, haihukumiwi tena hata kama mboga zake ndizo bora ukumbini. Kijitabu kikisema nyanya 5 ukaweka 6, umetoka. Vitunguu kwa kawaida vina vipengele viwili (yaani makundi ya kushindania), kimoja cha visivyozidi gramu 250 na kingine cha vinavyozidi. Ukiweka kwenye kile cha kwanza kitunguu kimoja tu chenye gramu 253, sahani nzima imeanguka, na jaji huja na mizani yake. Kitunguu hupungua uzito kadiri kinavyokauka, kwa hiyo usitegemee vipimo vya mwezi uliopita. Pima kila kimoja asubuhi ya maonyesho. Soma pia ni sahani ngapi mtu mmoja anaruhusiwa kwenye kipengele kimoja. Mara nyingi ni moja tu.

Baada ya hapo, kinachoshinda ni usawa. Nyanya tano za wastani zinazofanana umbo, rangi na ukubwa zinazipita tano ambazo mbili ni kubwa za kupendeza na tatu za kawaida. Watu wengi wanachagua iliyo kubwa kwanza halafu wanahangaika kuitafutia wenzake. Fanya kinyume: vuna kumi au zaidi, zipange mezani, tafuta kundi la tano zinazolingana, ndipo uangalie ukubwa. Beba na akiba moja mbili, maana njiani hutokea moja ikapata mchubuko.

Sasa kwa kila zao. Nyanya zikatwe na kikonyo chake, na vile vijani vya kikonyo viwe bado kijani kibichi, havijajikunja. Jaji anaminya kidogo: anataka iliyoiva lakini ngumu. Geuza uangalie mabegani, kwa sababu ukijani au umanjano uliobaki kuzunguka kikonyo unakatwa alama. Sahanini zikae kikonyo kikiwa juu.

Vitunguu ving'olewe mapema vikauke kwa wiki mbili tatu mahali penye hewa, si kwenye jua kali. Mizizi ikatwe hadi kitakoni. Shingo ikatwe fupi, ikunjwe, ifungwe kwa uzi wa rafia usio na rangi. Kosa kubwa hapa ni kumenya. Mtu anaona ganda la juu lina doa analitoa, kisha la pili, mwishowe kitunguu kinabaki cheupe chenye mistari ya kijani, na jaji analiona hilo akiwa mbali. Toa maganda yaliyolegea tu. Ili visibingirike, visimamishe juu ya vipete. Vipande vya bomba la plastiki vyenye urefu wa sentimita mbili tatu vinatosha.

Viazi vioshwe kwa sponji laini na maji, usitumie brashi hata kidogo. Brashi inachuna ngozi, na baada ya saa moja michubuko inageuka kahawia. Chagua vyenye macho ya juujuu, visivyo na tundu la konokono, kila kimoja karibu gramu 200. Vikishaoshwa vifunike kwa kitambaa cheusi mpaka jaji aingie, maana mwanga unavigeuza kijani.

Maharage ya kutambaa yakatwe kwa mkasi pamoja na kipande cha kikonyo. Yavune jioni ya Ijumaa, mkesha wa maonyesho, yanyooshe juu ya ubao, yafunike kwa taulo bichi usiku kucha. Yaliyopinda kidogo yatanyooka yenyewe. Mezani yapange sambamba, mikia yote ielekee upande mmoja. Jaji atalivunja moja katikati: likikatika kwa mlio na halina nyuzi, vizuri. Likijikunja kabla ya kukatika, ni la zamani. Uvimbe wa mbegu unaoonekana kwa nje nao unashusha alama.

Ukiwa na karoti au bitiruti, majani yakatwe yabaki kama milimita 75 na yafungwe vizuri.

Siku yenyewe inakwenda hivi katika vijiji vingi: fomu na ada ndogo ya kila kipengele vinapokelewa siku mbili tatu kabla, Jumamosi asubuhi mnapanga vitu mezani, kisha ukumbi unafungwa na wanabaki majaji na makarani wao. Mchana milango inafunguliwa. Kadi yako ilaze jina likiangalia chini. Jaji hatakiwi kujua sahani ni ya nani. Usiondoe kitu mpaka saa iliyotajwa kijitabuni.

Na kwa kuwa uko Shropshire, ulizia kama maonyesho ya maua ya Shrewsbury ya mwezi wa Agosti bado yanafanyika, na kama yapo nenda ukatazame. Yalianza 1875, na kusimama dakika kumi mbele ya meza za mboga pale kutakufundisha upangaji kuliko maelezo yangu haya yote.

Bi_Tanuri

Upande wa mapishi niachieni mimi. Majaji wengi wa keki na jamu vijijini wamefunzwa kupitia Women's Institute, chama cha wanawake kilichoanzia Kanada 1897 kikaingia Uingereza mwaka 1915, tawi la kwanza likifunguliwa Llanfairpwll, kisiwani Anglesey kule Wales. Wakati wa vita, 1940, chama hicho kilipewa sukari na serikali kitengeneze jamu kwa matunda ambayo yangeozea mashambani. Kwa hiyo kwenye jamu hawana mchezo.

Keki ya Victoria: katikati ni jamu ya rasiberi peke yake na juu ni sukari laini iliyonyunyizwa. Krimu hapana, siagi iliyopigwa hapana, sukari ya unga hapana, labda kijitabu chenu kiseme vingine. Dada apime mayai 3 pamoja na maganda yake, kisha achukue siagi, sukari laini na unga uliokwisha kuchanganywa na baking powder (self-raising flour), kila kimoja uzito huohuo wa mayai. Mayai ya wastani yatatoa kama gramu 170. Inaingia kwenye vyombo viwili vya kuokea vya sentimita 18, nyuzi 180, au 160 kama tanuri lina feni, dakika 20 hadi 25.

Makosa yanayoonekana mezani yana sababu zake. Kilima katikati kinatokana na tanuri kali mno. Vishimo virefu ndani vinatokana na kukoroga sana baada ya unga kuingia. Mayai yakitoka kwenye friji moja kwa moja, siagi inakatika na keki inakuwa nzito, kwa hiyo yatolewe mapema yapoteze ubaridi. Karatasi ya kuokea ikikunjwa vibaya inaacha mikunjo pembeni, na jaji anaihesabu. Halafu kuna alama za waya. Keki ikigeuzwa juu ya wavu wa kupozea, mistari inabaki usoni. Tandika kitambaa safi juu ya wavu, na uso mzuri wa keki uwe juu. Vipande vyote viwili viwe na unene sawa, kwa hiyo pima uji kwenye mizani unapougawa.

Jamu: chupa isiyo na jina la kampuni, kwenye kioo wala kwenye kifuniko. Kifuniko kiwe kipya. Ijazwe mpaka juu kabisa ikiwa ya moto, ndani ya chupa ya moto. Usiweke karatasi ya nta kisha ukafunga kifuniko cha kuzungusha. Chagua kimoja, ama nta na selofeni, ama kifuniko cha kuzungusha peke yake. Vyote viwili kwa pamoja ni kosa. Lebo iandikwe aina ya jamu na siku, mwezi na mwaka ilipotengenezwa, ibandikwe imenyooka. Matunda yakielea juu na chini kukabaki maji ya rangi, ni kwamba jamu ilimiminwa mapema mno. Ikishafika nyuzi 104 au 105, zima moto, iache itulie dakika 10 hadi 15, koroga taratibu, ndipo umimine.

Chatne ya embe itapokelewa vizuri, ila ianze sasa. Inataka kukaa miezi miwili mitatu ili ukali wa siki upoe; iliyopikwa wiki iliyopita jaji anaitambua kwa kijiko kimoja. Tarehe kwenye lebo itamwambia pia. Ipikwe mpaka ukiburuta kijiko chini ya sufuria mfereji unabaki wazi bila siki kurudi. Kifuniko kiwe na utando wa plastiki kwa ndani, kwa sababu siki inakula chuma. Na iandikwe kama ni kali au ya wastani.

Karani_wa_Ukumbi

Naongezea ya sambusa na bahati nasibu, kwa sheria za Uingereza na Wales.

Kuuza chakula mara moja moja kwenye shughuli ya kijiji kwa kawaida hakukulazimishi kujisajili kama biashara ya chakula. Mkianza kuuza kila mwezi, hapo mnajisajili halmashauri siku 28 kabla, ni bure. Usafi na usalama lakini ni wajibu hata kwa siku moja.

Soma mkataba wa kukodi ukumbi kabla ya kupanga kukaanga. Kumbi nyingi haziruhusu karai la mafuta wala mtungi wa gesi ndani. Njia rahisi ni kukaanga nyumbani, kupoza haraka, kuweka kwenye friji nyuzi 5, kisha siku ya maonyesho kupasha kwenye tanuri la ukumbi. Katikati ya sambusa pafike nyuzi 75 kwa sekunde 30. Nunueni kipimajoto cha kuchoma, msikisie kwa mkono. Baada ya hapo zikae nyuzi 63 au zaidi. Zikishuka chini ya hapo mna saa mbili, mara moja tu, kisha zinatupwa. Pasheni kidogo kidogo. Trei kubwa mezani ndiyo inayopoa na kuharibu kazi.

Andikeni karatasi ya viambato. Uingereza ina orodha ya vyakula 14 vinavyosababisha mzio. Kwenye sambusa tazameni ngano ya manda, haradali ndani ya bizari za pakiti, selari ndani ya vidonge vya supu, na ufuta. Za mboga zisikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga za nyama kama mtaziuza kwa walaji wa mboga.

Bahati nasibu: tiketi zikiuzwa siku hiyo, mahali hapo tu, hakuna leseni. Fedha ziende kwa jambo la hisani au la kijiji. Kutoka kwenye mauzo msitoe zaidi ya pauni 500 kununulia zawadi na pauni 100 za gharama. Mkitaka kuziuza wiki kadhaa kabla, nyumba kwa nyumba, hiyo ni aina nyingine. Chama kinajisajili halmashauri kwa pauni 40, kisha pauni 20 kila mwaka, na mwenye umri chini ya miaka 16 hauziwi tiketi.

Chupa ya mvinyo iliyofungwa inaweza kuwa zawadi. Kuuza glasi ya mvinyo ni jambo jingine. Kama ukumbi hauna leseni ya pombe, mtu mmoja wa kamati apeleke taarifa ya shughuli ya muda halmashauri, pauni 21, siku 10 za kazi kabla, bila kuhesabu siku inayopokelewa wala siku ya shughuli. Watu waliopo kwa wakati mmoja wasizidi 499, wahudumu wakiwemo. Kusema mvinyo ni bure lakini umo ndani ya kiingilio hakusaidii, hayo ni mauzo. Ipo taarifa ya kuchelewa, siku 5 hadi 9 za kazi kabla, ila polisi au idara ya afya ya mazingira wakipinga, imekufa hapo hapo bila kusikilizwa. Msiitegemee.

Mkazi_Shropshire

Asanteni sana, hii nachapisha nabandika jikoni. Swali la mwisho: mchicha hauna kipengele chake. Niuache?

Shamba_Dogo

Usiuache. Tafuta kijitabuni kipengele cha "mboga nyingine yoyote", na hakikisha mchicha haujatajwa kwingine. Hapo majaji wanaofuata mwongozo wa Royal Horticultural Society, chama kikuu cha bustani Uingereza, wanatazama pia ugumu wa kulima: vitunguu vikubwa au koliflawa vina kiwango cha juu cha alama 20, figili nyekundu ndogo 10. Kwa hiyo mchicha wako lazima uwe safi kabisa ili ushindane na vitu vizito.

Shida yake ni kunyauka. Kata alfajiri kabla jua halijaupiga, tumbukiza mashina kwenye ndoo ya maji mpaka karibu na majani, weka mahali pa baridi, na usiutoe mpaka dakika ya mwisho ya kupanga. Kama kijitabu kinaruhusu chombo chenye maji, utumie. Mashina yawe na urefu mmoja, idadi ileile iliyoandikwa, bila jani lenye tundu. Pindua kila jani utafute vidukari na mayai ya wadudu. Weka kadi ndogo imeandikwa Amaranthus na jina la aina kama unalijua, kwa sababu jaji anayejua kabichi na liki huenda hajawahi kuuhukumu.