Besi 3 ina ufanisi kuliko besi 2, mbona kompyuta hazitumii?

Tarakimu_Mwenge: Habari za jioni wakuu. Nasikia besi 3 inaipita besi 2 kwa ufanisi. Huo ufanisi unapimwaje, na kama ni kweli mbona kompyuta zetu ni 0 na 1 tu?

Logi_Asilia: Mkuu, unazidisha besi (idadi ya tarakimu tofauti, mfano besi 2 ni 0 na 1) kwa idadi ya nafasi za tarakimu kwenye namba; jibu dogo ndilo ufanisi. Chukua bango la bei la kupachika vibao, duka la Kariakoo, lifike shilingi 999,999. Nafasi 6, kila moja na seti yake ya vibao 10: jumla 60. Besi 2 inataka nafasi 20, vibao 40. Besi 3 nafasi 13, vibao 39. Besi 4 nafasi 10, vibao 40. (Mteja atasomaje bei hiyo, shauri yake.)

Kwa namba kubwa gharama inafuata b ÷ ln b (b ni besi, ln ni logi asilia): besi 2 ni 2.885, besi 3 ni 2.731, besi 10 ni 4.343. Pa chini kabisa ni kwenye e, yaani 2.718, na 3 ndiyo namba nzima ya jirani. Faida yenyewe ni kama 5% tu, tena si kila mara. Kwa 0 hadi 999, besi 2 inakula 20 na besi 3 inakula 21, maana nafasi sita za besi 3 zinaishia namba 728 tu, unalazimika kuongeza ya saba.

Volti_3.3: Hesabu sawa, ila inachukulia kwamba sakiti ya hali 3 inagharimu mara moja na nusu ya ile ya hali 2. Kwenye transista, swichi ndogo ya umeme ndani ya kompyuta, haiko hivyo. Ikiwa imefunga kabisa au imefungua kabisa inapoteza umeme kidogo. Ukiishikilia katikati inapata joto. Halafu kelele, yaani volti kuyumba bila kutakiwa: kwenye volti 3.3, hali mbili zinakuachia mwanya wa volti 1.65 kabla ya kosa, hali tatu 0.825.

Kompyuta ya Setun ya Nikolay Brusentsov, Chuo Kikuu cha Moscow, 1958, ilikuwa ya besi 3 kweli. Lakini kila triti (tarakimu moja ya besi 3) ilikaa kwenye koa mbili za sumaku, yaani vipete vya kuhifadhi, kila kimoja hali 2. Koa mbili zina hali 4, moja ikawa haina kazi. Ile 5% imeshaliwa hapo.

Tarakimu_Mwenge: Sasa kipimo hicho kilimfaa nani?

Logi_Asilia: Mashine kama ENIAC, kompyuta ya zamani ya besi 10: kila tarakimu ilikuwa pete ya flipuflopu 10 (sakiti za kuwaka au kuzima), moja tu ikiwaka. Pale besi mara nafasi ndiyo gharama halisi.