Kanzu nyeupe na maji ya kisima Tunguu

Mpangaji mgeni: Assalaam alaykum. Chumba nilichopanga kina maji ya kisima tu. Sabuni ya mche haitoi povu, kanzu zinabaki na utando wa kijivu. Nizidishe JIK, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo?

Dobi wa Ng'ambo: Waalaykum salaam. JIK haisaidii hapo, mwanangu. Kisiwa chetu cha Unguja ni mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni ya mche hufanya huo utando. Tumia sabuni ya unga: roweka nusu saa kwenye ndoo ya lita 10, fikicha kola na makwapa, suuza mara mbili. Maji ya mwisho tia nusu kikombe cha siki nyeupe. Mvua ikinyesha, kinga. Maji hayo hayana chokaa, kanzu ziwekee hayo.

Bi Shamba: Tafadhali sana, siki na JIK visikutane ndooni! Hutoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Na madoa ya kutu JIK huyakoleza. Hayo yapake ndimu na chumvi, anika juani, kisha suuza.

Mpangaji mgeni: Ahsanteni. Na shuka wakati wa masika?

Dobi wa Ng'ambo: Kamua sana, anika penye upepo, zisigusane. Zikikaa mbichi muda mrefu zitaota ukungu.