Naomba ushauri: mteremko juu ya barabara umeanza kupasuka, tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa barabara za milimani.

Kuna kipande cha barabara kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Juu yake zimetokea nyufa zenye umbo la upinde, miti imeanza kuinama, na chini ya mteremko maji yanachuruzika hata siku za jua kali. Hayo maji ndiyo yanayoninyima usingizi. Yakijaa ndani ya udongo, shinikizo lake hupunguza nguvu ya chembe kushikana, na hapa kitako cha mteremko kilishakatwa wakati wa ujenzi, kwa hiyo egemeo limepungua.

Wenzangu wanataka ukuta wa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ujengwe haraka. Mimi naona ni mapema, kwa sababu ukuta ukisimama juu ya tabaka linaloteleza utaondoka nalo. Ningependa kwanza tuchoronge mashimo, tuweke inklinomita ya kuonyesha udongo unateleza kwenye kina gani, na piezomita ya kupima shinikizo la maji.

Fedha zikitosha mashimo machache tu, mngeyaweka wapi? Mitaro ya kukinga maji juu ya nyufa tunaweza kuichimba sasa, au inaweza kuharibu zaidi? Vigingi vya kupimia upana wa nyufa tumeshapigilia. Vikisogea kiasi gani ndipo mngefunga barabara? Hili ni la haraka, maana watu wanapita hapo usiku na mchana.