Saa tano za kutafuta, malipo ya saa moja na nusu: mafundi wa malori ya dizeli mnastahimilije?

ShimoLaNne aliuliza:

Ndugu mafundi, hamjambo. Mimi ni fundi wa malori ya dizeli katika karakana ya wakala, yaani pale panapouzwa malori mapya na kuhudumiwa yale ambayo bado yamo ndani ya dhamana ya kiwanda. Huu ni mwaka wangu wa 11 na kazi hii naipenda, lakini juma lililopita lilinipata jambo ambalo limenikosesha usingizi, na ningependa kusikia wenzangu wanalichukuliaje.

Lori liliingia likiwa na karatasi ya kazi yenye maneno mawili tu: "Halina nguvu." Kumbukumbu zilionyesha kwamba lilikwisha kupita mikononi mwa mafundi wawili, na kila mmoja alikuwa amebadilisha sensa ya shinikizo la mafuta kwenye reli, yaani bomba la pamoja linalogawa mafuta kwa silinda zote, akafuta misimbo ya hitilafu, akalijaribu likiwa tupu na kuliachia liende. Nami nilipoliwasha lilinguruma vizuri kabisa. Nikaingia kwenye kumbukumbu za kompyuta ya injini, na hapo nikaona kitu ambacho hakikuandikwa popote: ile sensa ya reli na sensa nyingine isiyohusiana nayo kwa kazi zilikuwa zimepotea katika sekunde ileile, kisha zikarudi pamoja. Sensa mbili haziugui na kupona kwa pamoja namna hiyo. Kilichokuwa kinaziunganisha ni umeme wa volti 5 zinaogawana kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo niliacha kuzitazama sensa nikaanza kuutafuta waya.

Nilivuta nyaya za mita ya kupimia umeme hadi ndani ya kebini, nikaomba lori litoke na tela lililopakiwa. Kwenye mlima, injini ilipopata moto, zile volti 5 zilianguka hadi karibu na sifuri, zikarudi, zikaanguka tena. Tuliporudi karakanani nilianza kufungua kinga za fungu la nyaya kipande kwa kipande, mpaka nikafika nyuma ya kishikizo kimoja cha chuma ubavuni mwa injini, mahali ambapo mkono unaingia lakini jicho haliingii. Nikapapasa kwa kidole, nikahisi mkwaruzo. Kwa kioo kidogo na tochi nikauona: ganda la waya lilikuwa limelika kwa ukubwa wa punje ya mtama, na shaba iliyokuwa ndani ilikwisha kuota kijani. Injini inapokazana na mzigo hujipinda kidogo juu ya mipira yake, na kila ilipojipinda, kidonda kile kiligusa chuma. Niliuunga waya, nikaufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, nikalihamisha fungu zima mbali na kishikizo.

Kazi hiyo ilinichukua saa 5. Kitabu cha muda cha kiwanda kinatoa saa 1 ya uchunguzi na nusu saa ya kuunga waya, na kwa kuwa sisi hulipwa kwa saa za kitabu wala si kwa saa za ukutani, nimelipwa saa 1.5. Wale wawili walionitangulia walilipwa muda wao wote, bila kupungukiwa hata dakika, kwa kubadilisha sensa isiyokuwa na kosa.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Najivunia kazi ile kuliko kazi yoyote niliyoifanya mwaka huu, na ndiyo iliyonilipa kidogo kuliko zote. Ninyi mnafanyaje ili mwendelee kutafuta chanzo, badala ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha kama wengine?

Mkongwe_wa_Dizeli alijibu:

Mdogo wangu, habari yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoacha kuzitazama sensa ukaanza kuutafuta waya ndipo nilipojua kwamba ninasoma maneno ya fundi. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30 na nimewaona wengi wenye vyeti vizuri ambao wasingeifikia hatua hiyo.

Hata hivyo, niruhusu nikukosoe mahali pamoja, kwa kuwa naamini sehemu ya saa zako uliipoteza kwa kalamu. Je, uliandika nini kwenye karatasi ya kazi? Wengi wetu, baada ya saa 5 za jasho, huandika "Nimekagua, nimekuta waya mbovu, nimetengeneza." Anayesoma madai ya dhamana tunayopeleka kiwandani hakuwepo pale shimoni. Kwake yeye maneno hayo ni kazi ya nusu saa, na kwa haki kabisa atalipa nusu saa. Andika mambo matatu kila siku bila kuchoka: lalamiko, chanzo na tiba, na chini ya chanzo uweke vipimo. Mimi ningeandika hivi: "Umeme wa volti 5 wa sensa umeshuka hadi karibu na sifuri lori likipanda mlima na mzigo. Sensa mbili zimepotea kwa pamoja. Waya umekwaruzwa nyuma ya kishikizo cha ubavuni, shaba imegusa chuma cha injini. Kinga za nyaya zimefunguliwa ili kufika mahali hapo. Picha zimeambatanishwa." Nilipojifunza kuandika namna hiyo, madai yangu mengi yaliacha kurudi.

La pili, usiimalize saa ya kwanza ya uchunguzi ukaendelea kimyakimya. Simama, mwite msimamizi, mwonyeshe ulichopata mpaka hapo na umwambie unachotaka kufungua na kwa nini, kisha omba idhini ya muda wa ziada kabla hujaendelea. Ukiomba baadaye, unaomba msamaha. Na kila unapoanza na kumaliza kazi piga saa yako kwenye mashine, kwa maana nimewaona vijana wanaoficha saa zao kwa sababu wanaona aibu kuonekana wazito. Muda uliofichwa hauwezi kudaiwa, na kiwanda kitaendelea kuamini kwamba nusu saa inatosha.

Kuhusu fahari, nitakusimulia ninachokifanya mpaka leo. Ninapofunga silinda hedi, bolti hukazwa kwanza kwa spana ya kipimo, kisha huzungushwa kwa nyuzi za pembe zilizotajwa na kiwanda. Kila bolti inayofikia nyuzi zake naitia nukta ndogo ya rangi nyeupe. Kifuniko kikisharudi, hakuna atakayeziona nukta zile mpaka siku fundi mwingine atakapoifungua injini hiyo, pengine baada ya miaka mingi. Huyo ndiye ninayemfanyia kazi, na nikilala usiku sijiulizi kama niliiruka moja.

Dawati_la_Dhamana alijibu:

Kwa heshima ya mzee aliyetangulia, ninakubaliana naye juu ya maandishi, lakini naomba nieleze upande wa pili, kwa sababu nilikuwa fundi kabla mgongo haujanihamishia mezani.

Muda wa kitabu hupimwa kwa gari jipya, safi, lisilo na kutu, likihudumiwa na fundi aliyekwisha kuandaa zana zote pembeni. Lori lililotembea miaka minne kwenye vumbi na matope si gari hilo. Bolti ya manifoldi ya ekzosi ikikatikia ndani ya hedi, kuitoa tu kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyoandikwa kitabuni. Viwanda vinalijua jambo hili, na ndiyo sababu madai ya muda wa ziada huwa yanakubalika, ila huhitaji ushahidi uliochukuliwa kabla ya kazi kumalizika. Picha ya bolti iliyokatika ikiwa bado imo ndani ya hedi ina thamani. Picha ya hedi iliyokwisha kutengenezwa hainisaidii kitu.

Mahali ninapotofautiana nanyi ni pale mnapoona kitabu cha muda kuwa adui. Bila kipimo chochote, fundi hodari na fundi mvivu wangelipwa sawasawa, na mhodari ndiye angeumia. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kitabu kinajua kupima mikono lakini hakijui kupima akili. Kubadilisha pampu ya maji kuna mwanzo na mwisho. Kuutafuta mguso unaotokea mlimani tu hakuna, na kazi ya aina hiyo ingepaswa kulipwa kwa saa halisi kwa fundi aliyethibitishwa kuwa mchunguzi. Nimelisema mara nyingi kwenye vikao na sitaacha kulisema.

Usukani_Mrefu alijibu:

Mimi si fundi, ni dereva, na nimeingia hapa kwa sababu ya yale maneno mawili, "Halina nguvu." Nina hakika dereva wa lori lile alisema mengi zaidi. Mimi nikifika mapokezi hueleza kwamba gari linakatika likiwa na mzigo, likipanda, baada ya kama saa moja ya safari, na kwamba mshale wa mizunguko hutikisika kabla ya taa kuwaka. Karani husikiliza, kisha huandika maneno mawili. Ninapoomba kuonana na fundi huambiwa kwamba hairuhusiwi kuingia ndani. Kama ShimoLaNne angeongea na yule dereva kwa dakika 5, je, asingeanza moja kwa moja na mzigo na mlima?

SpanaNaKalamu alijibu:

Kaka dereva amesema kweli tupu. Mimi ni fundi mwanamke, nashughulika zaidi na mifumo ya moshi, na karatasi zinazonifikia huwa zimeandikwa "Taa ya chujio inawaka," basi.

Chujio la masizi limekuwa sababu ya ugomvi wangu mkubwa na wasimamizi. Likijaa, njia ya mkato ni kuiamuru kompyuta iunguze masizi gari likiwa limesimama. Joto ndani ya chujio hupanda hadi karibu nyuzi 600 za selisiasi, masizi yanaungua, taa inazimika, mteja anaondoka na kitabu kinalipa. Lakini chujio halijazi lenyewe. Kuna kitu huko mbele kinachotengeneza masizi kupita kiasi: nozeli, yaani kipulizio cha mafuta, inayovuja, bomba la hewa lililopasuka baada ya turbo, au turbo yenyewe inayopitisha oili. Tena kuna jivu la oili ya injini, ambalo haliungui hata ukiunguza mara mia. Hilo huondolewa kwa kulitoa chujio na kulisafisha.

Lori moja lililetwa kwangu likiwa limeunguzwa masizi mara tatu ndani ya miezi miwili. Niliambiwa niliunguze mara ya nne, kwa kuwa mteja alikuwa anasubiri. Nilikataa, nikaeleza sababu zangu kwa maandishi, na nikaomba saa moja. Kompyuta ilionyesha kwamba silinda ya tano ilikuwa inapunguziwa mafuta kupita zote, maana yake injini yenyewe ilikuwa inajaribu kuifidia nozeli inayotoa mafuta mengi mno. Niliitoa, na ncha yake ilikuwa imelowa, nyeusi, inang'aa, ilhali tano nyingine zilikuwa kavu. Niliiweka mezani mbele ya msimamizi juu ya kitambaa cheupe, na sikuhitaji kusema neno. Tangu siku hiyo, karakana yetu haiunguzi masizi mara ya pili kwa gari lilelile kabla fundi hajaandika chanzo.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: vifaa. Spana, mita, kioo na tochi alivyovitumia ShimoLaNne, karibu vyote hununuliwa na fundi mwenyewe kwa mshahara wake. Anapolipwa saa 1.5 kwa kazi ya saa 5, ameifanya kazi hiyo kwa vifaa vyake pia. Hili linaniuma kuliko kitabu cha muda.

ShimoLaNne alijibu:

Nawashukuru nyote, hasa Mzee Mkongwe kwa kunikosoa bila kunivunja moyo. Nimekwenda kuitazama nakala ya karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika: "Waya umekwaruzwa, umetengenezwa." Maneno matatu, karibu sawa na ya karani niliyekuwa namlaumu.

Picha ya kile kidonda ilikuwa bado imo kwenye simu yangu, lakini niliipiga kwa ajili yangu mwenyewe, wala sikuiambatanisha. Leo asubuhi nimempelekea mhusika wa dhamana pamoja na vipimo vyote vya safari ya mlimani, na amesema atayafungua upya madai, ingawa hakuahidi kitu. Pia nimemwomba msimamizi aniruhusu kutoka hadi mapokezi kila linapoingia gari lenye lalamiko linalokuja na kupotea. Alisita kidogo, akaniuliza nitahitaji muda gani, nami nikajibu dakika 5, zile za kaka dereva. Amekubali tujaribu kwa mwezi mmoja. Kesho linaingia lori ambalo karatasi yake inasema "Linazimika," na dereva wake nimekwisha kumpigia simu aje nalo yeye mwenyewe, likiwa na mzigo.